Niliyemfundisha Kujibu

Wanawake wengine huwafundisha wachumba wao kupika chai. Mimi wangu nilimfundisha kujibu intavyuu, na wallahi nilimfundisha vyema. Kama kuna anayetaka kunicheka na anicheke sasa, amalize, kisha anisikilize.

Ilikuwa Jumanne, baada ya sala ya alasiri, katika chumba cha nyuma cha duka la Fahima pale Usita wa Mui, barabara kuu ya mji. Fahima ni shoga yangu tangu tulipolala bweni moja sekondari, na duka lake ni la kupiga chapa na kutoa fotokopi. Mbele hukaa yeye na mashine zake, nyuma kuna meza moja, viti viwili na katoni za karatasi. Mlango wa katikati hatukuufunga hata siku moja. Amu, Lamu ya kwenye ramani, ni mji wa macho. Mwanamke akionekana amekaa na mwanamume asiye maharimu wake, kabla hajafika kwao habari imeshapikwa na kupakuliwa, na majirani wamekula wameshiba. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi, na Fahima alikuwa mlinzi wetu, mlinzi mwenye masikio marefu na mdomo usiojua likizo.

Yassir alikuwa ameitwa kwa mahojiano siku ya Alhamisi. Kazi ilikuwa ya afisa wa jamii katika shirika moja la kuhifadhi mikoko, ofisi yao iko upande wa bara, Kililana. Barua ilisema wazi kwamba mahojiano yatapima umahiri. Maana yake hawakuulizi wewe ni mtu wa namna gani, wala hawana haja na sifa zako ulizoandikiwa na mwalimu mkuu. Wanakuuliza umefanya nini. Tupe mfano wa siku fulani, ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ukafanya nini wewe mwenyewe, matokeo yakawa nini. Halafu wanakuchimba mpaka waone kama mfano ni wako kweli au umeuokota njiani.

Mimi mahojiano hayo nayajua. Nilipoomba usimamizi wa nyumba ya wageni ninakofanya kazi, kule Shela, mara ya kwanza niliambiwa nitoe mfano wa siku niliyomtuliza mgeni aliyekasirika. Nikajibu kwamba mimi nina subira sana, nimelelewa hivyo. Wakanishukuru kwa adabu, nikarudi kutandika vitanda mwaka mzima. Mara ya pili niliwapa mgeni mwenyewe, chumba chake, maji yaliyokatika akiwa na sabuni kichwani, na kila nililofanya tangu aliponipigia kelele mpaka aliponishika mkono kuniaga. Nikapewa funguo.

Na kwa nini nilijipa kazi ya kumfundisha Yassir? Kwa sababu intavyuu ile ilikuwa ndiyo harusi yangu. Tulikuwa tumependana miaka mitatu, na miaka yote mitatu mama yake, Bi Nana, alikuwa na neno moja tu juu yangu. "Siwezi kumuoza mwanangu Mtikuu wa Kizingitini. Kesho nitaletewa wajukuu wanukao kamba." Sisi Wabajuni ndio Watikuu wake, na baba yangu ni mtega kamba, hilo kweli, na kamba wake wamenisomesha. Yassir alikuwa akila na kulala kwa mama yake, atasema nini? Basi tukakubaliana. Apate kazi, apange vyumba viwili popote, alete wazee Kizingitini hata mama yake akinuna. Baba alikuwa amenivumilia vya kutosha. Amjad, mwenye mashua mbili na adabu zake, alishaleta posa mara mbili, na mara ya pili baba aliniambia, "Mwanamkisi, nangoja mpaka Maulidi. Baada ya hapo sitakuwa na la kuwaambia watu."

Maulidi ilikuwa mwezi ujao.

Yassir alikuwa amekaa mbele yangu na shati jeupe alilolileta kwa majaribio, ati nimwambie kama linafaa. Lilifaa. Yassir kila kitu kinamfaa, hilo ndilo lililoniponza. Ana macho ya kumsahaulisha mtu alilotaka kusema, nami nilishamkataza kuniangalia namna ile tukiwa kazini.

"Bwana Yassir," nikaanza kwa sauti ya ofisini, "karibu sana. Tupe mfano wa wakati ulipofanya kazi na watu wasioelewana."

"Ahsante," akajibu. "Mimi ni mtu wa watu. Hapa Amu kila mtu ananijua, sina ugomvi na mkubwa wala..."

Nikagonga meza kwa kalamu. "Yassir, huo ni wasifu wa marehemu. Nataka mfano."

"Haya, haya. Mwaka jana kwenye fainali ya kombe la mitaa, Mkomani na Langoni, refa alikataa penalti. Watu wakaingia uwanjani, ikawa vurugu, mtu akavuliwa kiatu akapigwa nacho."

"Vizuri. Jukumu lako?"

"Nilikuwa golikipa."

"Ukafanya nini?"

Akafikiri. Akatazama dari, akatazama katoni za karatasi. "Nilikaa golini," akasema.

Kule mbele Fahima aliangua kicheko mpaka mteja wake akauliza kuna nini. "Alhamdulillahi!" akapiga ukelele. "Angaa goli halikuibiwa!"

Yassir alicheka, nami nikacheka mpaka nikajifuta macho kwa upindo wa mtandio. Alipotulia alinitazama ile tazama niliyomkataza. "Huchoki na mimi, Mwanamkisi?" akaniuliza taratibu.

"Nimechoka kitambo," nikamwambia. "Ila nimeshazoea."

Hakucheka. Aliinamisha macho akaanza kukunja pembe ya karatasi yake ya maswali, nami mjinga nikadhani ni haya.

"Sikiza," nikamwambia. "Mfano wa mpira tuutupe. Una miaka ishirini na minane. Haiwezekani mtu afike umri huo hajatatua jambo hata moja kwa mikono yake. Au kwenu mambo yote hufanywa na Mama?"

Nililisema kwa mzaha, lakini lilimchoma. Uso ulimbadilika, akakaa sawa kwenye kiti. "Ninao mfano," akasema.

"Hebu."

"Mkubwa kuliko wako wa mgeni wa sabuni."

"Hebu basi, Bwana Yassir. Jopo linakungoja."

Akanywa maji. Akaweka mikono mezani kama nilivyomwelekeza, akaanza kwa Kiswahili safi cha ofisini. "Kulikuwa na familia moja hapa mjini iliyogombana juu ya nyumba ya urithi."

"Familia ya nani?"

"Familia yangu."

"Basi sema yangu. Usijifiche nyuma ya watu."

"Familia yangu. Nyumba ya marehemu babu, tunayokaa sisi. Ni ya mama yangu na kaka yake, mjomba Jeilani aliye Malindi. Mjomba alipata mnunuzi mgeni, akataka nyumba iuzwe kila mtu achukue chake. Mama akakataa. Wakanuniana miaka miwili. Hata Idi mbili zote hawakupeana mkono."

Kalamu yangu ilikuwa ikikimbia kwenye karatasi. Ugomvi huo niliujua, mji mzima uliujua. Nisilolijua ni kwamba Yassir aliutia mkono.

"Hali nimeielewa," nikasema. "Jukumu lako?"

"Mimi ndiye mwanamume wa nyumba ile. Nyumba ikiuzwa, Mama angetoka. Hapakuwa na mwingine wa kusema."

"Vizuri sana. Ukafanya nini? Wewe, si familia."

"Nilikwenda Malindi."

Nikainua kichwa. "Lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

Wiki tatu zilizopita aliniambia amekwenda kufuata vyeti vyake vya chuo. Nilimkaanga kwa macho kidogo, kisha nikamsamehe papo hapo. Nilijisemea, masikini, hakutaka kunipa matumaini kabla jambo halijakaa sawa. Mtu akipenda huwa wakili wa bure.

"Endelea," nikasema. "Usiniambie ulizungumza naye. Kila mtu huzungumza. Ulimuuliza nini?"

"Nilimuuliza kinachomfanya auze ni pesa au ni jambo jingine."

"Mashallah! Hilo ndilo wanalolitaka. Akajibu nini?"

"Akasema pesa anazo. Kinachomuuma ni kwamba Mama anakalia nyumba peke yake kana kwamba yeye mjomba si mtoto wa babu. Na ana binti. Anataka binti yake apate nyumba Amu, katika kuta za babu yake, asije akahangaika na vyumba vya kupanga ugenini."

"Na mama yako ulimuuliza?"

"Nilimuuliza. Anataka kufia pale. Hana jingine."

Nilijiona kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake wa mwisho darasani amesimama akasoma bila kukwama. Wallahi niliona fahari. Nilimwona ndani ya ofisi ile ya Kililana, amevaa kitambulisho shingoni, watu wa jopo wanapeana macho ya kuridhika. Nilimwona na wazee wake wanashuka gatini Kizingitini.

"Fahima!" nikaita. "Unasikia? Ana mfano!"

"Nasikia," akajibu Fahima. Sauti yake haikuwa na mzaha, ila mimi sikuwa wa kusikia sauti ya mtu siku ile.

"Sasa, Bwana Yassir," nikasema, "mmoja anataka nyumba kwa ajili ya binti yake, mwingine anataka kufia humo humo. Ulipata suluhu gani?"

Akanyamaza.

"Hapo usinyamaze, wataona umekwama. Suluhu ilikuwa nini?"

"Mjomba aliiandika sehemu yake kwa jina la binti yake."

"Ruba?"

"Ruba."

"Na mama yako?"

"Anabaki pale pale."

"Vizuri. Lakini hapo nikiwa mjumbe wa jopo sikuachi," nikasema, na Mungu ni shahidi yangu bado nilikuwa natabasamu. "Sehemu moja ya nyumba ni ya Ruba, nyingine ni ya shangazi yake, na watu hawa jana tu walikuwa hawasemezani. Nini kinachozuia ugomvi usianze tena Ruba akiolewa na kuleta mumewe humo ndani?"

Yassir aliinama. Alikuwa akiitazama ile karatasi, pembe yake ameshaikunja na kuikunjua mpaka imekatika. Kule mbele mashine ya fotokopi ilinyamaza. Nikamsikia Fahima akimrudisha mteja, "Ndoo kesho, yeo wino umekwisa," na wino ulikuwa umejaa tele, nilimwona mwenyewe akiutia asubuhi ile.

Hapo ndipo nilipoelewa. Sisi wa Kizingitini mke hufuata mume. Watu wa Amu wenye majumba wana desturi yao, binti hupewa nyumba akiolewa, na mume ndiye huja na mkoba wake akahamia. Yassir hakuwa na haja hata ya kubeba mkoba.

"Mume wa Ruba hataleta ugomvi," nikasema polepole, "kwa sababu anaishi humo tayari."

"Mwanamkisi..."

"Niambie kama nimekosea."

Akakiviringisha kile kipande cha karatasi kati ya vidole.

"Lini?" nikamuuliza.

Kiswahili cha ofisini kilimtoka, akarudi kwenye lugha ya kwao. "Posa ilifungwa Ijumaa ya yuzi, si hii iliyopita."

Nikahesabu. Siku kumi na moja. Katika siku hizo kumi na moja alikuwa amekuja chumba kile mara saba, na mara zote saba nilikuwa nimetoka kazini Shela kwa miguu, jua la alasiri likinichoma, na maandazi ndani ya mkoba kwa sababu alisema akisoma na njaa hakumbuki kitu. Alikula maandazi yangu hali ameshaposa.

"Nisikiza," akasema. "Ningalikwambia."

"Lini?"

"Baada ya Alhamisi."

"Kwa nini baada ya Alhamisi?"

Akafunika uso kwa viganja.

"Nakuuliza, Yassir. Jumatano ina kasoro gani? Ijumaa ile yenyewe ilikuwa na kasoro gani? Kwa nini baada ya Alhamisi?"

"Kwa sababu hungalinifundisha," akasema.

Nimeshaumwa na mengi. Mama yake aliwahi kunipita barabarani akaziba pua kwa buibui, na nikaenda zangu. Lakini neno lile lilinikata maini. Nilihisi machozi yanakuja nikayakataza, nikauma ndani ya shavu mpaka nikaonja damu.

"Na kazi yenyewe ni ya nini?" nikamuuliza. "Nyumba unayo, mama unaye, mke umepata. Ya nini?"

"Mjomba alisema hampi binti yake mtu asiye na kazi."

"Kumbe."

"Mwanamkisi, wallahi..."

"Usiape. Kumbe nilikuwa namtengenezea Ruba mume. Angeniambia basi, ningemuuliza anampenda wa namna gani."

Fahima alikuwa amesimama mlangoni. Mikono yake ilikuwa na wino. "Shoga," akanisihi nimwachilie, "mwate ende zake."

"Simwati."

Yassir akainuka, kiti kikaanguka nyuma yake. Macho yalikuwa mekundu. Sitasema uongo, hakuwa anaigiza. "Watu wadhani napenda mimi?" akasema. "Wewe wadhani napenda? Mama ana miaka sitini na mitatu. Kila siku huamka akagusa kuta za nyumba ile kana kwamba zitaondoka. Mgeni alishaleta fundi wa kupima! Ungalifanya nini wewe? Ungalimtoa mamako nde?"

Na hapo ndipo pagumu. Bi Nana hanipendi, nami sijawahi kujidai kwamba nampenda, lakini kumtoa mama mzima katika nyumba aliyozaliwa si jambo la kumtakia hata adui. Nilikaa nikalifikiria kwa haki. Yassir aliona hivyo akadhani nimelainika, akasogea.

"Yambo lenyewe halijafika mwisho," akasema kwa sauti ya chini. "Dini ina nafasi. Ruba akishatulia, mwaka moya, miwili, nikishajimudu... Mama naye atazoea. Nawe utakuwa na nyumba yako mwenyewe. Wewe ndiwe nikupendaye, wayua."

"Wa pili."

"Katika moyo ni wa kwanza."

"Moyoni hapaliwi wali, Yassir. Mama yako hakunitaka mlangoni, sasa unataka aniingize dirishani? Na Ruba ulimwambia? Alipokubali posa, alijua kwamba mumewe ana mtu aliyemtunza Shela kama akiba ya mwaka wa njaa?"

"Ruba hana makosa."

"Najua hana. Kati yetu watatu mwenye makosa ni mmoja."

Akainama akakiinua kile kiti. "Basi sema ningalifanya nini. Sema wewe."

"Ungekuja," nikamwambia.  "Ile Ijumaa ungekuja ukakaa hapo, ukasema, Mwanamkisi, imekuwa hivi, nimeshindwa. Ningelia, ningekutukana, ningekurushia kiatu. Kisha ningerudi kwetu nikamwambia baba yangu ukweli nikiwa na uso. Hata mama yako ningemwombea. Mimi sikukuomba unichague juu ya mamako. Nilitaka uniambie kabla hujanilia maandazi."

Fahima alicheka na kulia kwa pamoja, akageuka akaangalia ukuta.

"Nisamehe," akasema Yassir.

"Kaa."

"Nini?"

"Kaa. Hatujamaliza."

Akanitazama kama mtu asiyejua anaitwa kula au kupigwa. Akakaa. Nikaiokota kalamu, nikafungua ukurasa mpya, nikajifuta uso kwa kiganja. Nyinyi mnaosoma mtasema nilikuwa na roho ya chuma. Sikuwa nayo. Nilikuwa na tamaa. Miaka mitatu haifi kwa dakika kumi, na mimi bado nilikuwa nautafuta mlango wa kumtolea. Nilijiambia, nitamuuliza swali moja, swali ambalo jopo lenye akili lazima limuulize. Akilijibu kwa kweli, hata kama ndoa yake na Ruba imeandikwa, nitatoka hapa najua kwamba nilipendwa na mtu. Hilo tu. Sikutaka la zaidi.

"Mfano wako ni mzuri," nikasema. "Ni mzuri kuliko wangu. Una hali, una jukumu, una ulichofanya, na matokeo yake yanaonekana. Ndugu wawili wanasemezana. Alhamisi utautoa huo huo."

"Mwanamkisi, siwezi."

"Unaweza. Ila watakuchimba mwisho. Watu hao kazi yao ni mikoko na wavuvi, huku wanafunga eneo, kule mtu anakosa kitoweo. Wanajua kila suluhu ina anayeilipia. Kwa hiyo watakuuliza. Uko tayari?"

Akasogeza kiti karibu na meza. Fahima alikuwa ameegemea kizingiti, ameweka mkono mdomoni.

Nikaweka sauti ya ofisini. "Bwana Yassir, katika suluhu hiyo uliyoipata, kuna mtu yeyote aliyeumia?"

Alinitazama. Safari hii sikumkataza. Nilimtazama nami kwa macho yangu yote, bila aibu, na moyoni nilikuwa nikimsihi. Sema yuko. Jina usilitaje, hawana haja nalo. Sema yupo mtu, alikuwa hana kosa, na hukumtendea haki. Hawatakunyima kazi kwa hilo, na hata wakikunyima, sema.  Niliona midomo yake inafunguka, na kwa muda mfupi nilimwona Yassir wangu, yule aliyenipokea mzigo gatini mvua ikinyesha miaka mitatu iliyopita, akanifuata mpaka Shela bila kusema neno kwa haya.

Kisha akavuta pumzi. Akanyoosha mgongo, akaweka mikono yake mezani.

"Hapana," akasema. "Pande zote mbili ziliridhika na makubaliano. Hakuna mtu aliyeumia."

Lilikuwa jibu fupi, limenyooka, na hakuharakisha. Fahima alisema, "Subhanallah," akaondoka mlangoni.

Nikakusanya karatasi zangu zote, za maswali na za majibu, nikazipanga vizuri, nikamsogezea.

"Utaipata hiyo kazi," nikamwambia.

Na aliipata.